Mlima wa Saa Sita Mchana

Mpo?

Tupo!

Wote?

Wote, na masikio tumekuja nayo!

Na huyo anayesinzia kule nyuma?

Tumeshamfinya!

Haya, basi sikilizeni. Palikuwa na Bi Nguchiro, mdogo wa mwili, mwingi wa akili. Yeye ndiye aliyeitunza seva ya wanyama wa Bonde la Mitete. Seva ilikaa ndani ya pango kavu, ikivuma vuuu, vuuu, kutwa kucha, na nyuma yake, penye joto, Bi Nguchiro alikuwa amelaza vitoto vyake vitatu. Mtandao wote wa bondeni ulitoka hapo. Nyumbu walitazama habari za mvua, Mzee Kobe alisoma barua za wajukuu, kila mtu kwa kiasi chake.

Lakini kila siku, ikifika saa sita mchana, mtandao unalala. Barua ya Kobe inafunguka nusu, inakwama. Habari za mvua zinawafikia Nyumbu wakiwa wameshalowa.

Kiboko, mkubwa wa bonde, akaitisha baraza. Tumbo lilitangulia kufika, mwenyewe akafuata.

"Seva haina kosa!" akanguruma. "Mlinzi wake ndiye mvivu! Nampa siku tatu. Mtandao usipopona, seva naihamishia dimbwini kwangu, niilee mwenyewe. Na yeye atoke pangoni na vitoto vyake!"

Seva kwenye tope, jamani! Na vitoto kwenye baridi! Moyo wa Bi Nguchiro ukadunda ndu, ndu, ndu. Aliogopa, tusidanganyane. Ila huyu ni mnyama anayekula nyoka. Hofu kwake si mgeni wa kumnyima usingizi.

Alfajiri, saa yake aliyoizoea kila siku, mtandao ukiwa mwepesi, akashusha kutoka humo chombo cha kupimia matumizi, programu ndogo tu. Chombo cha bure, hakidai ada, hakidai hata ahsante. Kazi yake moja tu: kila baada ya dakika tano kinapita kwenye waya wa kila mnyama, kinabisha hodi.

"Waya wa Kobe, upo?"

"Nipo!"

"Umevuta kiasi gani?"

"Kidogo tu."

Ti! Kinaweka nukta.

"Waya wa Nyumbu, upo?"

"Nipo!"

"Umevuta kiasi gani?"

"Kidogo tu."

Ti! Kinaweka nukta.

"Waya wa Kiboko, upo?"

"Nipo!"

"Umevuta kiasi gani?"

Ti-ti-ti-ti-ti-ti! Nukta zikapanda, zikapanda, mpaka zikagonga dari. Waya haujui kusema uongo, hilo tumwachie mwenye waya.

Chombo kikaziunga nukta, zikawa mistari. Bi Nguchiro akatazama. Saa nne, tambarare. Saa tano, tambarare. Saa sita, mlima! Kumbe Kiboko, kila akishashiba, hujilaza dimbwini akatazama mieleka ya viboko kwenye runinga saba kwa pamoja.

"Nikimtaja atasema chombo kinaongopa," akawaza Bi Nguchiro. "Kisha atanikanyaga." Akachukua mkaa, akauchora ule mchoro ukutani mwa pango, mkubwa, saa zikiwa chini yake, ila jina hakuandika hata moja.

Siku ya tatu, baraza likajaa. Kiboko akautazama ukuta, akasikia mchoro umetoka kwenye chombo cha bure, akacheka, kwa! kwa! kwa!

"Rahisi ni ghali, sembuse cha bure! Hivi vijistari ndivyo vitaponya mtandao?"

"Hapana, Mzee," akajibu Bi Nguchiro, kichwa chini. "Ni mchoro wa heshima tu. Unaonyesha nani anavuta mtandao zaidi, yaani nani mkubwa hapa bondeni. Mwenye kilima ni mdogo. Mwenye mlima..."

"Malizia!"

"Sitaki ugomvi, Mzee. Huenda mlima ni wa Kobe."

"Wa Kobe?" Kiboko akafura. "Mlima huu ni wangu! Wa jana wangu! Wa juzi wangu! Kila saa sita navuta mimi, runinga saba kwa mpigo! Nani mwingine hapa ana ubavu huo?"

Ikasikika seva peke yake, vuuu.

"Alaa," akasema Mzee Kobe taratibu. "Kumbe barua za wajukuu wangu umezimeza wewe."

Nyumbu wakaanza kukwangua ardhi kwa kwato, kra, kra, kra. Kiboko hakungoja kuagwa. Mbio mpaka dimbwini, chubwi! Tangu siku hiyo akawekewa kipimo: runinga moja, kama watu wengine. Seva ikabaki pangoni, na vitoto vikabaki kwenye joto lao.

Watu wakatawanyika. Akabaki Kobe, maana yeye hata kutazama hutazama polepole.

"Bi Nguchiro, mwanangu, na hiki kilima cha alfajiri, kila siku alfajiri, ni cha nani?"

"Hicho?" Bi Nguchiro akakifuta kwa mkia, fyu! "Chombo cha bure hicho, Mzee wangu. Hukosea kidogo."

Mpo bado?

Tupo!

Hadithi naitua hapa, mabega yamechoka. Mwenye nguvu aibebe. Na fundisho lake ni hili: kupimapima mambo ya watu ni umbeya, wanangu, msiuzoee. Ila ikibidi kupima, mkaa ushike wewe.