Swali Alilolifuta Fundi

Kaeni, wapendwa. Leo nawapa mfano wa kompyuta, na namwona mzee mmoja hapo mbele ameshaanza kunikunjia uso. Tulia, baba. Hata wewe utaelewa, na usipoelewa nifuate baada ya ibada unidai.

Kulikuwa na fundi mmoja wa kompyuta. Fundi kweli kweli, siyo wa kubabaisha. Simu ikigoma anapelekewa yeye, mashine ya kuchapia ya ofisi ya kata ikianza kutafuna karatasi anaitwa yeye. Na mtaa huohuo aliishi mama mmoja, mwalimu wa darasa la nne, ambaye macho yake yalikuwa yanafifia. Hospitali walimwambia ni presha ya macho, na kilichopotea hakirudi. Mwanzoni alikuwa anasogeza kitabu karibu. Baadaye akawa anakiinamia mpaka pua inagusa karatasi. Mwishowe hakuona herufi hata moja.

Mwalimu mkuu wake hakuwa mtu mbaya. Alimwita akamwambia, "Mwalimu, watoto wanakupenda, na kufundisha unajua. Ila lazima uweze kuandaa somo na kulisoma wewe mwenyewe. Ijumaa kamati ya shule inakaa. Ukituonyesha unaweza, darasa ni lako. Usipoweza, itabidi tukupumzishe."

Mama akaenda kwa fundi. Alikuwa amesikia kwamba ipo programu inayosoma kwa sauti, kwa Kiswahili chetu hiki, chochote kilichoandikwa kwenye kompyuta. Fundi akatafuta, akaipata. Ni ya bure kabisa. Ila ilikuja mbichi.

Hapo nieleze kidogo. Programu nyingi zinakuja zimeshasagwa, kama unga wa paketi: unafungua, unasonga ugali. Nyingine zinakuja mahindi. Unapewa maandishi yote jinsi watengenezaji walivyoyaandika, na wewe ndiye wa kuyasaga kwenye kompyuta yako mpaka yawe programu inayofanya kazi. Na hivyo vyombo vya kusagia vina umri. Kuna toleo la zamani, kuna toleo jipya, na kazi ya leo ukiisaga kwa chombo cha zamani hujui kitatoka nini. Ndiyo maana kwenye maelekezo, mwanzoni kabisa, watengenezaji waliandika: kabla hujaanza, angalia toleo la vyombo vyako.

Je, fundi aliangalia? Wewe ukinunua dawa, ile karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi huwa unaisoma? Haya basi.

Tena fundi alikuwa na tabia moja, na wengi wenu mnayo kwenye simu zenu, msijifanye kushangaa. Kompyuta ikimwomba aisasishe, anabonyeza "Baadaye", kwa sababu bando linaliwa. Leo baadaye, mwakani baadaye. Vyombo vikazeekea humo ndani.

Akaanza kusaga. Papo hapo kazi ikasimama! Wale watengenezaji walikuwa waangalifu. Walikuwa wameweka swali ndani ya programu yenyewe, linamuuliza kila anayetaka kusaga: chombo chako ni toleo gani? Swali likakuta toleo la zamani, likagoma, likamwandikia waziwazi kwamba chombo hiki kimepitwa, atafute kipya kwanza.

Fundi akasonya. Mke wake alikuwa pembeni anakunja nguo, akamuuliza, "Kwani inataka nini?"

"Inataka kujua chombo changu ni cha lini."

"Si uiambie?"

"Aa, inanisumbua tu hii. Chombo si kipo? Siku zote si ndicho ninachotumia?"

Mnajua alichofanya? Kwa kuwa maandishi yote alikuwa nayo mkononi, alitafuta ule mstari unaouliza swali, akaufuta. Kisha akaanza upya. Safari hii hakuna aliyemuuliza kitu. Kompyuta ikasaga mpaka mwisho, programu ikatoka. Akaijaribu kwa maneno mawili, "Karibu, mwalimu," nayo ikasoma, "Karibu, mwalimu." Mama wa watu alilia. Akamshika fundi mkono kwa mikono yake yote miwili, akamwambia, "Mungu akubariki, mwanangu. Umenirudishia darasa langu."

Ijumaa ikafika, kamati ikakaa. Mama akafungua kompyuta mbele yao, akabonyeza. Programu ikasoma sentensi ya kwanza ya somo, ikasoma ya pili, ilipofika katikati ya aya ikakata. Kimya. Mama akabonyeza tena. Ikaanza mwanzo, ikakata palepale. Mjumbe mmoja akakohoa. Mama akapapasa kifuniko, akakifunga taratibu, akasema, "Samahanini sana." Jumatatu darasa la nne likapewa mwalimu mwingine.

Fundi alipopata habari alipandwa na hasira, na hasira zote akawatupia watengenezaji. Eti wametoa kitu kibovu! Lakini moyoni lile swali lilikuwa linamkwaruza. Akanunua bando, akasasisha vyombo vyake, akachukua maandishi yaleyale jinsi yalivyokuja, akayasaga. Programu ikasoma ukurasa mzima bila kukwama hata mahali pamoja. Akatoka mbio nayo mpaka kwa mama.

Mama akasikiliza ukurasa wote mpaka mwisho. "Inasoma vizuri," akasema. "Kumbe ilikuwa na tatizo gani?"

"Yenyewe haikuwa na tatizo, mama. Vyombo vyangu ndivyo vilikuwa vya zamani."

"Na haikukwambia?"

Fundi akainamisha kichwa. "Iliniuliza, mama. Lile swali nikalifuta."

Mama akasema, "Haya, mwanangu. Sasa inasoma. Niandae somo la nani?"

Mmemkasirikia fundi? Naziona nyuso zenu. Mimi pia nimemkasirikia, na anastahili. Lakini tumalizane naye upesi, kwa sababu hayupo hapa. Waliopo ni sisi.

Sisi tukiulizwa habari za imani tunajibu kama yeye: ipo. Nani kasema haipo? Swali ni hili: ni ya lini? Kuna baba hapa anapambana na mtoto wa kidato cha tatu kwa imani aliyoipata kwenye kipaimara, na tangu hapo hajaigusa. Kila Neno linapomgonga anasema baadaye. Kuna mama anauguza mume kwa sala ileile ya kulalia aliyofundishwa akiwa mdogo, na anashangaa kwa nini katikati ya usiku inakatika.

Na msiniambie hamkuulizwa. Mungu hatuachi bila kutuuliza. Mkeo alikuuliza mezani, "Baba, mbona siku hizi huongei na mwanao?" Ukamjibu usinisumbue, naye hakuuliza tena. Binti yako alikuuliza, "Mama, mbona unalia chooni?" Ukamfokea, akaacha. Mzee wa kanisa alikuja mlangoni, ukawaambia watoto waseme umesafiri. Tukishawanyamazisha wote hao tunasema nyumbani kwetu kuna amani. Amani gani, jamani? Hakuna tena anayethubutu kuuliza, basi!

Sasa sikilizeni, hili ndilo linaloniuma. Fundi alipoteza nini? Hakupoteza kitu. Kesho yake alifungua kibanda chake kama kawaida, wateja wakaja. Aliyepoteza darasa ni mama, ambaye hakufuta chochote. Yeye alimwamini tu. Sisi tunapofuta swali, maumivu yanampata yule aliyetuamini.

Aliyekuamini wewe ni nani? Usinijibu mimi. Pengine umekaa naye benchi moja, pengine yuko nyumbani anapika. Ukitoka hapa mwendee, kabla hamjala, umwambie, "Lile swali uliloniuliza siku ile nikakukaripia, niulize tena." Akiuliza, usikimbie. Kaa, umjibu.

Tusimame tuombe.