Sponji ya Daraja la Kwembago

Hapo zamani, lakini zamani ya juzijuzi tu, daraja la Kwembago lilikuwa haliponi nyufa. Jua likiwaka, daraja linatanuka, linasukuma ukuta wake wa mwisho, ukuta unasukuma udongo. Baridi ikija, linanywea, udongo unaporomoka na kujaza nafasi. Jua likirudi, daraja halina pa kwenda. Paa! Ukuta unapasuka. Mwishowe likafungwa, na Nakiete, fundi wa maabara ya ujenzi mjini, akawa hamwoni tena mama yake aliyekuwa ng'ambo ya daraja.

Siku moja mhandisi Zaujia akaingia maabara. "Tuweke sponji kati ya ukuta na udongo. Daraja likitanuka, ibonyee. Likinywea, ifumuke."

Watu wakacheka. "Daraja lilalie godoro?"

Nakiete hakucheka. Akamwita Shemboza, mtengeneza magodoro, naye akapika sponji. Nakiete akaitia kwenye mashine: akaibonyeza, akaiachia, akaibonyeza, akaiachia. Ikafumuka vizuri. Makofi!

"Basi, dada, zima mashine tukajenge," akasema Shemboza.

"Daraja halitanuki mara moja tu, kaka."

Moyo wa Nakiete ulikuwa kwa mama, lakini akabonyeza, akaachia, akabonyeza, mpaka sponji ikalala kama chapati, isiinuke tena.

Shemboza akanuna, akaenda, akapika nyingine. Hiyo ilikuwa kama gogo, ikagoma kubonyea. Akanuna tena, akapika tena. Hii ikabonyea, ikafumuka, ikabonyea, ikafumuka, mpaka mashine ikapata moto na sponji haina habari. Nakiete akapiga kigelegele! Shemboza akacheza ngoma ya mdumange katikati ya maabara.

Ukuta ukajengwa upya, sponji nyuma yake. Jua likawaka, baridi ikaja, jua likarudi, ukuta kimya. Daraja likafunguliwa. Wa kwanza kuvuka alikuwa mama yake Nakiete, mkungu wa ndizi kichwani, akiimba.

Wanakijiji wakasema, "Daraja lipewe jina la aliyeliponya. Jina moja tu, kibao ni kidogo."

Zaujia akasema, "Bila wazo langu, mngepika nini?"

Shemboza akasema, "Wazo halibonyei. Sponji niliipika mimi, na nilishindwa mara mbili nisikimbie."

Nakiete akasema, "Ningezima mashine pale mlipopiga makofi, leo mngekuwa mnazoa vifusi."

Wakamgeukia mama. Akacheka, "Mimi ni mzazi, msiniulize!"

Haya, nanyi mnaosikiliza, si wazazi wa yeyote kati yao. Rangi iko tayari, brashi iko mkononi. Je, nani alistahili kibao?