Maneno Manne ya Sultani Ghalibu

Zamani za zamani, katika mji wa Zumuridi wenye minara arobaini na majirani wachunguzi wasiohesabika, alitawala Sultani Ghalibu bin Nuumani, mtu mkarimu, mwenye ndevu nzuri na akili za kutosha, isipokuwa katika jambo moja ambalo nitawaambia. Nitawaambia, lakini kwa sauti ya chini, maana humu ndani naona nyuso nisizozijua, na yule aliyejifunika shuka pale mlangoni tangu afike hajacheka hata mara moja.

Sultani huyo alikuwa na hazina tatu, na milango yake ilikuwa ya jiwe tupu, haina kitasa wala tundu la ufunguo, na ndani yake alikaa jini aitwaye Kaharamani, ambaye babu yake Sultani alimfunga kwa kiapo kwamba amfungulie kila atakayetamka neno la siri na amzuie kila asiyelijua. Jini yule hakutazama sura wala hakuuliza nasaba. Ukilitamka neno, mlango wazi, hata kama wewe ni mbuzi uliyejifunza kusema.

Siku moja taji likatoweka hazinani. Siku ya pili ukatoweka upanga wa babu, na ya tatu ikatoweka pete ya muhuri. Sultani akaingiwa na shaka hata chakula kikamshinda. Akamshuku mpishi, akamshuku kinyozi akaacha kunyolewa, na mwishowe, kwa shauri la Waziri Shamlani, mtu mwenye ulimi wa asali, akamkamata bawabu wake mzee Farjala, aliyesimama mbele ya milango ile kwa miaka thelathini.

"Ni wewe uliyelisikia neno nilipolitamka," akamwambia. "Ijumaa baada ya sala utakatwa kichwa."

Farjala alikuwa na binti mmoja tu, Raziya, mshona kofia. Alhamisi asubuhi binti huyo akaingia barazani, macho mekundu kwa kulia, akapiga magoti.

"Maulana, Mungu akupe umri mrefu. Niruhusu nikisie neno lako. Nikilipata, utajua kwamba si baba yangu peke yake awezaye kulijua."

"Kisia," akasema Sultani kwa dharau.

"Marijani."

Lo! Sultani akabadilika rangi. Marijani lilikuwa jina la farasi wake mweupe, na kila Ijumaa wapiga mbiu walitangulia msafara wakipaza sauti, "Mpisheni Marijani! Mpisheni Marijani!", hata hakuna kikongwe mjini asiyelijua jina hilo.

"Baba yako amekwambia!" akanguruma Sultani. "Sasa nina hakika naye!"

Raziya akaona amemchimbia baba yake kaburi kwa mkono wake mwenyewe. Lakini akajikaza. "Baba yangu yuko gerezani na minyororo miguuni, Maulana. Nenda ukalibadilishe neno sasa hivi, kisha urudi nikisie tena."

Sultani akaenda, akarudi anatabasamu.

"Marijani wa pili," akasema Raziya.

Mtu mmoja wa nyuma barazani akajikohoza ili asicheke. Sultani akaondoka tena, akakawia kweli kweli, akarudi jasho linamtiririka.

"Nargisi, Maulana. Jina la marehemu mama yako, Mungu amrehemu."

Sultani akajibwaga kitini pu! Na ninyi msimcheke. Wewe unayecheka kuliko wote, neno lako ni lipi? Jina la mwanao wa kwanza, nina hakika, na mwaka aliozaliwa.

"Na milango yote mitatu inafunguka kwa neno hilo hilo?" akauliza Raziya.

"Hilo hilo," Sultani akajibu kwa sauti ndogo. "Nisije nikasahau."

Basi Raziya akaomba kapu kubwa, akalijaza vikorokoro vya jikoni na vya sokoni, mwiko, kitunguu, kandambili, kengele ya mbuzi na vinginevyo chungu nzima, akalifunika kwa kitambaa.

"Ingia chumbani peke yako, Maulana, ufumbe macho, utoe vitu vinne vyovyote vitakavyoshikwa na mkono wako, visivyohusiana hata kidogo. Kisha uvitungie kisa cha kipuuzi, maana kadiri kinavyokuchekesha ndivyo kitakavyokaa kichwani. Majina ya vitu hivyo vinne ndiyo maneno ya mlango mmoja, na kila mlango uwe na vinne vyake. Usimwambie mtu, hata mimi. Na yeyote atakayekuja kukuuliza, hata avae kilemba cha kadhi, mshuku huyo huyo."

"Nitafanya hivyo," akasema Sultani, "lakini mwizi asipopatikana kabla ya sala ya kesho, hukumu ya baba yako iko pale pale."

Akaingia chumbani, na waliokuwa nje wakamsikia akicheka peke yake mara tatu. Waziri Shamlani alisimama karibu na mlango kuliko adabu inavyoruhusu, lakini hakuambulia kitu.

Hata Ijumaa asubuhi, Raziya akiwa nje ya gereza anamwombea baba yake, Sultani alipita peke yake mbele ya hazina, na mara akasikia sauti nzito ikivuma nyuma ya pazia.

"Ewe Ghalibu! Mimi ndimi Kaharamani, jini wa hazina! Maneno yako mapya yameingia kutu. Yatamke sasa hivi niyasafishe, la sivyo vyote vilivyomo vitakuwa majivu kabla ya adhuhuri!"

Neno la kwanza likamfika Sultani kwenye ncha ya ulimi. Hofu ilimwambia aseme upesi. Lakini haraka ile ikamtia shaka, akajiuliza, jini si ndiye anayenifungulia? Maneno anayajua. Anayeuliza ni yule asiyeyajua.

Akalivuta pazia kwa nguvu, na nyuma yake akamkuta Waziri Shamlani amechuchumaa, kichwa ndani ya mtungi, bado ananguruma. Vitu vyote vilivyoibwa vikakutwa nyumbani kwake, na minyororo ya Farjala ikahamia miguuni kwake saa ile ile. Mzee akatoka amekonda, na Raziya akamkumbatia akalia hadi sauti ikamkauka.

Sultani, aliyekuwa mjane kwa miaka mingi, akatuma posa. Raziya hakujibu, maana mwanamume aliyetaka kumkata baba yako kichwa hakubaliwi upesi hivyo. Mpaka Sultani alipokwenda mwenyewe kwa miguu, akapiga magoti mbele ya Farjala na kumwomba radhi, ndipo binti akakubali, na ikafanywa harusi ya siku saba, na mzee akapewa nyumba yenye bustani.

Asubuhi moja baada ya harusi, mapenzi yakamzidi Sultani, akainama sikioni mwa mkewe. "Mke wangu, sitaki tufichane. Nitakwambia maneno yangu manne ya kila mlango."

Raziya akamziba mdomo kwa kiganja.

"Nisikilize, bwana wangu. Baba yangu alikulindia mlango miaka thelathini, na siku kitu kilipopotea hukukumbuka hata siku moja katika miaka hiyo. Ulitafuta tu ni nani angeweza kulijua neno. Kitakapopotea kitu kingine, sitaki unitazame mimi hivyo."

Machozi yakamlenga Sultani. Akakibusu kile kiganja, na maneno yale hakumwambia, siku ile wala siku aliyokufa. Basi nanyi mkimpenda mtu, msimtwishe siri itakayomfanya ashukiwe. Kisa changu kimeishia hapo, nendeni salama.