Mwandishi wa Hotuba Mazikoni kwa Mama Yake

Kiongozi mmoja alikuwa na mtu wa kumwandikia hotuba. Mtu huyo aliitwa Gaudensi. Kwa miaka kumi na tisa, kila alichosema kiongozi jukwaani alikiandika yeye. Akifungua zahanati, akihimiza kilimo, akiomba kura, maneno yalikuwa ya Gaudensi na sauti ilikuwa ya kiongozi. Gaudensi alisimama nyuma ya magari akisikiliza, akijua kabla ya wengine ni wapi watu watapiga makofi. Aliipenda kazi yake. Hakuna aliyemlazimisha.

Ili aandike vizuri ilimbidi awaze kama kiongozi, akasirike kwa hasira zake, acheke kwa mizaha yake. Siku moja mkewe alimuuliza anaonaje wakimhamisha mtoto shule. Akajibu kwamba suala hilo linafanyiwa kazi. Mke akacheka. Mwaka uliofuata alipojibiwa hivyo tena, hakucheka.

Kisha mama yake Gaudensi akafariki. Kiongozi akatuma ujumbe kwamba atafika mazikoni mwenyewe, basi aandikiwe maneno machache ya rambirambi. Gaudensi hakuona ajabu. Aliketi jikoni mwa marehemu, waombolezaji wakiimba nje, akaandika. Na kwa kuwa alikuwa na uchungu, aliandika vizuri kuliko siku zote. Aliandika jinsi mama yule alivyokuwa akichambua maharage mlangoni, akirusha vijiwe nje bila kutazama vinakoangukia. Aliandika kwamba mama hakuweza kuaga mtu. Mgeni akiinuka kuondoka, yeye aliingia ndani akajifanya ana kazi. Mambo hayo waliyajua vizuri wawili tu, Gaudensi na dada yake Agripina.

Kesho yake kiongozi akasimama kando ya jeneza, akasoma. Yeye alikuwa amemwona mama yule mara moja tu maishani. Alisoma polepole, akanyamaza pale palipoandikwa anyamaze. Watu wakalia. Kiongozi naye akafuta macho, na machozi yake yalikuwa ya kweli.

Ndipo msimamizi wa maziko akamwita mtoto wa marehemu aseme neno. Gaudensi akasimama kando ya jeneza. Akatafuta la kusema. Ya maharage yalikuwa yameshasemwa. Ya kuaga yalikuwa yameshasemwa, tena kwa sauti nzuri kuliko yake. Akafungua mdomo, akasema, "Ndugu wananchi," akakoma.

Agripina akamsogelea, akamshika mkono, akamwambia taratibu, "Kaka, ya Mheshimiwa tumeyasikia. Sasa sema yako."

Hakuwa nayo. Alisimama hivyo hivyo mpaka wakamkalisha. Watu wakasema uchungu umemzidi.

Baada ya kuzika, kina mama walipanga mstari kumpa kiongozi pole. Shangazi yake Gaudensi alimshika kiongozi mikono yote miwili akamwambia, "Kumbe ulimpenda hivyo, mwanangu." Gaudensi alikuwa hatua moja kutoka hapo. Alisikia, na kwa kitambo kidogo akafurahi, kama fundi anayesikia kazi yake ikisifiwa. Halafu furaha ile ikamtisha. Hakujua aliyefurahi ni nani.

Jumatatu alirudi kazini, maana kulikuwa na daraja la kuzinduliwa. Anaandika hadi leo. Mara nyingine huinua kalamu na kujiuliza kama aliibiwa. Lakini mwizi hamwoni. Alitoa kwa mkono wake mwenyewe, na aliyepokea alimshukuru. Hujiuliza tena kama alidanganya, na hapo pia hukwama, kwa sababu kila neno alilomwandikia kiongozi siku ile lilikuwa kweli.

Mimi sikuja kumhukumu. Ila ninyi mnaonisikiliza, ambao kila mmoja ana mtu anayemsemea na mtu anayemtungia la kusema, nijibuni hili: kati ya wale wawili waliosimama kusema kando ya jeneza, mfiwa alikuwa nani?