Ukili wa Bi Chausiku

Haya, hadithi hiyo mlangoni! Semeni: iingie, ikae!

Palikuwa na Mwanaidi, fundi wa mikeka. Wenziwe wakikaa barazani kusuka ukili, ule ukanda wa majani unaoshonwa kuwa mkeka, na kucheka, yeye hujifungia ndani. "Ukili wao kombo," husema, "utanichafulia mkeka." Si mnawajua watu hao!

Siku hiyo zimwi likambeba binti yake. Likasema, "Nisukie mkeka nisioweza kuufumua, nitamrudisha. Nakupa mara tatu. Ukishindwa, namla."

Mwanaidi akasuka, akashona. Zimwi likashika ncha, fyuu! Mkeka wote chini. Akasuka wa pili, mzuri zaidi. Fyuu! Zimwi likacheka. "Mkono mmoja, mama! Nikiujua mwanzo, nimeujua mwisho."

Mwanaidi akaenda barazani na miyaa yake, majani ya kusukia, machozi yanamtoka. Jirani yake, Bi Chausiku, akamtazama. "Leo umetuona, shoga? Haya, kaa. Mtoto wetu sote!" Kila mmoja akasuka ukili wake, Mwanaidi akaushona pamoja.

Zimwi likafumua, likafumua. Huyu kakaza, yule kalegeza. Lilipofika kwenye ukili wa Bi Chausiku, kombo mpaka basi, vidole vyake vikanasa humohumo. Likalia, likamwachia mtoto, ndipo mkeka nao ukaliachia.

Miaka ikapita, Bi Chausiku akafa. Ukatafutwa mkeka wa kumlazia. Mwanaidi akautoa ule, alioushona upya, akaugeuza ukili wa kombo uwe upande wa kichwa. Mtu akataka kuunyoosha.

"Uache," akasema Mwanaidi. "Huo ndio ulionirudishia mwanangu."

Nami mkeka nimeukunja. Kalaleni.