Bi Komeo na Ulimi wa Kenge

—Paukwa!
—Pakawa!
—Mlango mmeufunga?
—Tumeufunga.
—Na aliye nje?
—Apige hodi.

Haya. Katika nchi ya mbali huko mashariki, nchi ya mpunga na matope, paliishi kobe jina lake Bi Komeo. Mdogo, mnene, mbio hana. Lakini Mungu akigawa hakosei. Gamba lake la chini lilikuwa na bawaba kama sanduku. Akiona hatari, kichwa ndani, miguu ndani, mkia ndani, kwap! Hapapenyi hata wembe. Chui alimgeuzageuza mpaka akachoka. Mbwa alimtafuna, akavunjika jino. Mimi kiumbe huyu namvulia kofia.

Umaskini wake ulikuwa mayai. Bata hutaga rundo, chura hutaga asiyoyajua idadi, Bi Komeo hutaga mawili basi, mpaka mwaka mwingine. Na ya mwaka jana yaliliwa na Kenge. Ya mwaka juzi pia.

Kenge alikuwa mrefu kama mtumbwi, na tumbo lake halijui kushiba. Alinusa kwa ulimi. Akitembea huramba hewa, lwep, lwep, lwep, na yai jipya hata likifukiwa halimpiti. Dawa yake ilikuwa mvua tu. Ikinyesha, harufu huoshwa yote, na Kenge hupita juu ya yai asijue.

Siku hiyo Bi Komeo alikuwa ndiyo kwanza amefukia mayai yake kando ya tuta la mpunga. Wingu liko kule mlimani, halina haraka. Mara, lwep, lwep, lwep. Moyo ukamwenda mbio kuliko miguu. Akajikokota, akamkingia njiani.

"Bwana mkubwa, unatafuta mayai? Mbona bado ninayo humu tumboni."

Kenge akamrukia. Kwap! Akamng'ata, meno yakateleza. Akambamiza kwenye jiwe, ko, ko, ko. Wapi.

"Mlango huu hauvunjwi, bwana," sauti ikatoka ndani. "Hupigwa hodi."

"Hodi, shemeji."

"Nani?"

"Kenge."

"Kenge wa wapi?"

"Wa mtoni."

"Ahaa, wa mtoni. Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Na baba?"

"Mzima."

"Na shangazi yule wa ng'ambo, mguu umepona?"

"Umepona, shemeji, nifungulie."

Kenge ni mwizi, ila ana adabu za kwao. Akishapiga hodi, kumkatiza mwenye nyumba salamu ni aibu ya ukoo mzima. Basi akajibu habari za wajomba, za binamu, za mazao. Lakini salamu nazo zina mwisho, na wingu lilikuwa bado halijafika. Bi Komeo akaogopa kwelikweli. Akafungua mlango, upenyo wa kidole.

"Karibu."

Kwa uchu Kenge akachomeka ulimi wote ndani anuse. Kwap!

"Themethi, niathie."

"Kaa kwanza, bwana. Hata maji hujanywa."

Kenge akavuta, Bi Komeo akaburutwa. Akampiga chini, paa, paa. Akarudi kinyumenyume hadi kwenye tuta, juu ya mayai yenyewe, mwenyewe hana habari. Misuli ya Bi Komeo ikatetemeka, machozi yakamtoka, bawaba hakuilegeza. Akawaza wanawe wawili, akakaza.

Ndo. Ndo, ndo. Shaaaa.

Mvua iliposhiba ndipo akafungua. Ulimi ukatoka umechanika ncha mbili, na mpaka leo uko hivyo. Kenge akaramba hewa, lwep, lwep. Akasikia matope. Akasikia mpunga. Alichokikanyaga hakukisikia.

"Mayai yako wapi?"

"Ah, hizo ni habari za mimi na mvua. Msalimie shangazi."

Hadithi yangu imefika ukingoni. Tamu yake tugawane, chungu yake apelekewe Kenge. Na funzo lake, wanangu: mgeni ni baraka. Akija mfungulieni, mwulizeni hali za kwao wote, na akitaka kuondoka kabla ya mvua, mshikilieni.