Marando ya Mama Damari

“Mgawa marando hakosi mbegu.”

Bibi Foibe aliyasema maneno hayo siku vijana wa kwaya walipokuwa wamenuna. Walikuwa wameambiwa kwamba waimbaji wanane, tena wale wenye sauti zao, watahamia Ibindo kuanzisha ibada mpya. Kila mmoja alilalamika kwamba kwaya imekwisha. Waliposikia methali hiyo wakauliza ilikotoka. Bibi hakuacha kumenya viazi. Alisema, “Haya, nyamazeni basi niwaambie,” akaanza kusimulia.

Zamani, pale Chabwasa, alikuwapo mwinjilisti mmoja aitwaye Nehemia Mahimbo, mtu mwenye bidii na aliyejijua kwamba ana bidii. Kanisa la mlimani alilifyatulia matofali kwa mikono yake, na Jumapili lilijaa hadi watu wakakaa madirishani. Kusoma neno alisoma yeye, kuhubiri yeye, kuombea wagonjwa yeye. Hata kengele, lile rimu la lori lililoning'inizwa mlangoni, hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuigonga. Akiugua yeye, Chabwasa nzima haisali.

Shamba lake la viazi vitamu nalo alililinda vivyo hivyo. Mnajua kwamba kiazi hupandwa kwa kukata marando, yale mashina yanayotambaa. Yake yalikuwa yametanda shamba zima, lakini jirani akija kuomba fungu moja aliambiwa, “Ukikata rando, umekata kiazi.” Mtumishi wa Mungu, lakini mkono wa birika!

Ng'ambo ya mto Mvumo desturi ilikuwa nyingine. Aliyepewa marando hakumrudishia aliyempa. Masika yaliyofuata alikata ya kwake akawapa majirani wawili, nao wakawapa wawili kila mmoja. Huko ndiko aliishi Mama Damari, mjane aliyeuza viazi vya kuchemsha mnadani. Mwaka mmoja mto ulifurika, watu wa ng'ambo wakashindwa kuvuka kwenda kanisani. Mama Damari akawakusanya majirani sita jikoni kwake, akawasimulia neno alilolisikia kwa Nehemia kabla mto haujajaa. Kisha akawapa sharti lile lile la marando: ulitende, halafu uwape wawili.

Habari zikamfikia Nehemia. Maji yalipopungua alivuka, suruali imekunjwa hadi magotini, hasira imempanda.

“Mama Damari, nani amekuweka uwe mwalimu?”

“Hakuna, Mwinjilisti. Labda mto.”

“Wewe uliyeishia darasa la tatu! Ukikosea utawapoteza watu. Acha mara moja.”

Mama Damari akainamisha kichwa. “Nimesikia, Mwinjilisti. Mimi nitanyamaza. Ila niliowaambia wameshawaambia wengine, na hao wengine siwajui.”

Nehemia alirudi kwake akiwa na wasiwasi zaidi kuliko alipokwenda.

Baadaye ukaja ukame wa miaka miwili. Watu wakahama kufuata maji, kundi kwa kundi. Jumapili moja Nehemia aligonga rimu lake, akagonga tena, na walioingia kanisani walikuwa yeye na mkewe, Mama Yusta. Alihubiri hivyo hivyo, lakini katikati sauti ilimkatika, akakaa kwenye benchi la mbele na kulia. Miaka kumi na minane ya kazi yake, na sasa aliamini imekufa mikononi mwake.

Mvua iliporudi, shamba lake halikuwa na rando hata moja bichi. Ikabidi aimeze aibu, avuke mto kwenda kuomba.

“Hata yangu yalikauka yote,” Mama Damari akamwambia. “Lakini hilo lisikusumbue. Twende kwa niliowapa.”

Walikwenda kwa aliyepewa, wakakuta yake nayo yamekauka, naye akawaelekeza kwa aliowapa yeye, hivyo hivyo hadi siku ya pili, Jumapili asubuhi, wakafika kijiji cha Masenge. Huko bondeni, penye unyevu, marando yalikuwa mabichi, yamesitawi. Mwenyewe alikuwa fundi baiskeli aitwaye Loti. Walimkuta bandani kwake, mikono ina grisi, na watu kama thelathini wameketi mbele yake katikati ya magurudumu na minyororo. Alikuwa akisimulia habari za kondoo aliyepotea.

“Na kondoo yule, ndugu zangu,” Loti akasema, “alikuwa na jina.”

Nehemia akamshika Mama Damari mkono. Maneno hayo hayamo katika Biblia. Ni yeye aliyekuwa akiyasema mlimani, kila mara alipoifikia habari ile, kwa kituo kile kile na kidole kimeinuliwa vile vile.

Ibada ilipokwisha akasogea. “Kijana, maneno yale umeyatoa wapi?”

“Nilipewa na Mama Eunike, mfinyanzi, wakati mmoja na marando. Naye alipewa na mtu wa kule mtoni. Mzee, wewe nawe umeokoka? Nani alikupa neno?”

Mama Damari akashindwa kujizuia. Alicheka hadi khanga ikamdondoka begani. “Loti, huyu ndiye shamba lenyewe!”

Loti akasema kwamba vikundi kama chake anavijua saba, vingine huenda vipo. Nehemia akalia tena, lakini safari hii kwa fahari, fahari ya babu aliyepakatishwa kitukuu ambaye hakujua kwamba amezaliwa. Akamwomba Mama Damari msamaha mbele ya watu wote. Kisha akaweka mikono kichwani pa mama yule na pa fundi, akawaombea kama viongozi wa kanisa.

Alirudi Chabwasa na mzigo wa marando kichwani. Kabla hajapanda hata tuta moja, alikata nusu akawagawia majirani. Nalo rimu, Jumapili iliyofuata, alimwambia mkewe, “Ligonge wewe, Mama Yusta.”

Bibi Foibe akaweka kisu chini. “Mimi ni binti wa Mama Eunike, mfinyanzi. Na kanisa hili mnalotaka kulizungushia uzio ni la nne kuzaliwa kutoka banda lile la baiskeli.”

Sipora, mwenye sauti ya kwanza, ndiye aliyekuwa amenuna kuliko wote. Akaufuta uso kwa ukingo wa joho lake.

“Basi, Bibi, mniandike wa kwanza kwenda Ibindo.”

“Nenda, mwanangu. Mgawa marando hakosi mbegu.”